Kabati Katikati ya Nyumba

Kipketer alifika Chwele Jumapili baada ya watu kutoka kanisani, na kama ilivyompasa mwanamume aliyeoa katika boma lile, hakuikaribia nyumba ya mama mkwe wake. Aliegesha pikipiki kwa Shangazi Phelista, ng'ambo ya ua, akaketi barazani kungoja mkewe aitwe.

Hakuna aliyehitaji kumwita. Nasambu aliijua sauti ya pikipiki ile hata katikati ya kelele za siku ya soko. Alimaliza kumnyoosha mama yake mguu, akamfunika shuka, akasimama mbele ya kioo kidogo ukutani. Uso ulikuwa umechoka. Alipaka mafuta midomoni, akafunga kitambaa chake upya, akatoka.

"Mwambie namsalimia," alisema Mama Nabwile kutoka kitandani.

Tangu siku ya harusi, mama huyu na mkwe wake walikuwa wakisalimiana hivyo, kwa mdomo wa mtu mwingine, au kwa mbali huku kila mmoja akitazama pembeni. Kwa Wabukusu hiyo ni heshima, na kwa Wasabaoti wa Cheptais, alikozaliwa Kipketer, mambo hayakuwa tofauti sana. Hawakuwahi kugusana mikono. Hawakuwahi kula pamoja.

Kipketer alisimama alipomwona mkewe akija. Alikuwa amevaa shati la bluu ambalo Nasambu alimshonea kwa mkono wake, na kola ilikuwa imepigwa pasi upande mmoja.

"Umekonda," Nasambu alisema.

"Nakonda aje na kila siku najipikia ugali?"

"Si ndio hiyo ugali imekukondesha."

Walicheka. Kisha kicheko kikaisha, wakaketi, na mikono yao ikatafutana juu ya meza kabla ya maneno kupatikana.

Nasambu alikuwa ameondoka Kitale na mfuko wa nguo za wiki moja. Mama yake aliteleza sokoni siku ya mvua akiwa na mkungu wa ndizi kichwani, akavunjika mfupa wa paja, na hakuwa na mtoto mwingine wa kumwinua. Wiki ilizaa mwezi, na mwezi ukazaa mwingine. Msichana waliyemwajiri alidumu siku chache, akaenda. Mfupa ulikuwa umeunga sasa, lakini mguu ulihitaji mazoezi ya hospitali, na hospitali yenye mtaalamu ilikuwa Kitale. Kila safari ya kwenda na kurudi ilimrudisha Mama Nabwile kitandani akiwa amevimba.

Kipketer alisema nyumba yao ya Kibomet, pale Kitale, imekuwa kubwa na baridi. Alisema usiku huwa anaamka na kunyoosha mkono upande wa pili wa kitanda. Aliyasema hayo akitazama sakafu, kwa kuwa hakuwa mtu wa kusema mambo kama hayo, na Nasambu alihisi moyo wake ukilegea kama uzi.

"Basi nisikilize," alisema. "Nimefikiria. Tumlete Mama kwetu."

Kipketer aliweka kikombe chini. "Alale wapi?"

"Kwetu, Kip. Kibomet."

Shangazi Phelista, dada wa marehemu baba yake Nasambu, alikuwa akija na birika la chai, na masikio yake yalikuwa mazima. Alimimina vikombe vyote kwanza. Kisha akasema, bila kupandisha sauti, kwamba tangu aolewe, aachwe mjane na kurudi kwao, hajasikia jambo la namna hiyo. Mama mkwe halali chini ya paa la mkwe wake. Hapaswi kujua kitanda cha mkwe kiko upande gani, wala kukanyaga alipoweka viatu, wala kukutana naye mlangoni akitoka kuoga. Mtu akianza kuvunja hayo, alisema, hata watoto watakaozaliwa hawatakuwa na la kuheshimu.

"Na akiwa mgonjwa, Shangazi?"

"Akiwa mgonjwa analala kwake, na sisi tunamwangalia vile Mungu ametupatia. Wewe umeolewa. Ukitaka bwana yako, enda. Ukitaka mama yako, kaa. Huwezi kuwa kwote."

Nasambu aligeuka kumtazama mumewe. Alitaka neno moja tu kutoka kwake. Kipketer alisugua magoti yake kwa viganja, akasema polepole kwamba Shangazi amesema kweli, na kwamba asingependa mama yake Nasambu aaibike kwa sababu yake.

Alikuwa na nia njema. Lakini neno hilo lilimchoma mkewe kuliko la Shangazi, kwa sababu Shangazi hakuwa mtu wa kulala naye na kuamka naye.

"Sawa," Nasambu alisema, akainuka. "Basi nitakuja nichukue nguo zangu zimebaki."

"Unaniacha?"

"Nimesema nguo."

Alivuka ua bila kugeuka nyuma. Ndani alimwambia mama yake kwamba Kipketer amezirudisha salamu.

*

Alienda Kitale Jumatano asubuhi, akimwacha mama na jirani. Alijua mumewe angekuwa kazini, kwenye duka la mbegu na dawa za mifugo alilosimamia karibu na soko, na alitaka hivyo. Alitaka kufungasha bila kutazamwa.

Alifungua mlango, na harufu ya nyumba yake ikampokea. Kipketer alikuwa amefagia. Viti vilikuwa pale pale walipoviweka siku ya kwanza, seti kubwa ya sofa za rangi ya damu ya mzee, zawadi ya harusi, zimejaza sebule mpaka mtu anapita kwa ubavu. Ile ndefu ilikuwa imeegemea dirisha na kuziba nusu ya mwanga. Kabati la vyombo lilisimama ukutani likitazama televisheni. Cherehani yake ilikuwa kwenye kona ya chumba cha kulala, na juu yake sare ya shule aliyoiacha bila vifungo.

Aliingia chumbani, akaanza kukunja nguo. Alikunja magauni mawili, akakumbuka kwamba mfuko mkubwa uko stoo.

Stoo ilikuwa nyuma ya sebule. Mwenye nyumba aliiongeza miaka ya baadaye, akaitobolea uwazi wa kuingilia kutoka sebuleni na kuuacha bila mlango. Wao walitundika pazia, wakatupa humo kila kisichokuwa na mahali, magunia ya mahindi, katoni tupu za dukani, baiskeli isiyo na tairi, na kitanda cha ujana cha Kipketer kilichofunguliwa vipande. Nasambu alikwepa gunia la kwanza na la pili akitafuta mfuko. Baiskeli ilianguka. Nyuma yake akaona mlango.

Alijua mlango ule upo. Mtu hukaa na kitu ndani ya nyumba yake, akakiziba, kikaacha kuwepo. Ulikuwa mlango wa mbao wa kutokea uani, upande wa bafu na choo, umefungwa kwa komeo lililoota kutu. Alilipiga kwa kisigino cha kiatu likafunguka, na jua la saa nne likaingia mpaka kwenye pazia.

Nasambu alitoka uani, akageuka, akatazama juu. Paa la nyumba lilikuwa la mabati mekundu. Paa la stoo lilikuwa la mabati meupe, chini kwa futi nzima, limesimama kwenye nguzo zake lenyewe.

Alirudi ndani, akavua viatu, akafunga leso kiunoni.

*

Kipketer alirudi mchana kula, akakuta sofa zake zimepangwa nje kwenye nyasi.

Zote zilikuwa pale, pamoja na meza ya kahawa, zulia, katoni na magunia. Mlangoni alisimama mkewe, nywele zimejaa vumbi, anavuta mguu wa meza ya cherehani. Majirani wawili walikuwa wameegemea uzio wakitazama kwa huruma.

Alizima pikipiki na kubaki juu yake. Alikuwa amejiambia tangu Jumapili kwamba ni hasira tu na itapita. Sasa aliona kwa macho yake kwamba mwanamke huyu anahama na vitu vyote. Aliposhuka alitembea mpaka kwenye sofa ndefu, akaweka mkono juu yake.

"Gari inakuja saa ngapi?" aliuliza.

Nasambu hakuelewa.

"Beba vyote," Kipketer alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini. "Viti, televisheni, kitanda. Sina shida. Mimi niachie wewe tu."

Nasambu aliuachilia mguu wa meza. Alimtazama mwanamume huyu aliyesimama na kofia ya kazi mkononi, mbele ya majirani, na akajua kwamba hata akiishi miaka mia hatalisahau neno hilo. Alitembea kwenye nyasi mpaka kwake, akamshika uso kwa mikono yake yenye vumbi.

"Siendi mahali," alisema. "Kuja nikuonyeshe kitu."

Alimpitisha uani, sio sebuleni, akamwonyesha mlango na mapaa mawili. Alimwambia kwamba hawatahitaji kununua hata msumari. Stoo itakuwa chumba cha Mama, chenye mlango wake, njia yake ya choo na jua lake la asubuhi. Uwazi wa katikati wataujaza kwa kabati. Yeye Kipketer atatumia mlango wa mbele na choo cha pili, kile cha upande wa mbele, kwa hiyo hawatapishana. Shangazi alisema mama asilale chini ya paa la mkwe, asijue kitanda chake, asikanyage penye viatu vyake. Ni lipi hapo litakalovunjwa?

Kipketer alitazama mabati kwa muda mrefu. Aliuliza kama Mama mwenyewe atakubali. Nasambu alisema hiyo ni kazi yake, si ya Kipketer. Kisha akauliza la maana zaidi.

"Na wewe? Usiniambie ya Shangazi. Wewe mwenyewe."

"Mimi nilinyamaza Jumapili kwa sababu niliogopa watasema nimemdharau mama yako," alisema. "Lakini nikifika nyumbani sikulala. Nikasema, kama heshima inaninyang'anya bibi, nitaiheshimu na nani?" Aliweka kofia kwenye msumari wa mlango, akakunja mikono ya shati. "Hiyo kabati ni nzito, bana. Shika huku."

Hakurudi kazini mchana ule. Alimpigia msaidizi wake, akamwambia afunge duka jioni.

Walifanya kazi kama watu wanaojenga. Magunia yaliingia chini ya kitanda chao na mengine jikoni. Cherehani ilikwenda sebuleni, chini ya dirisha, pahali ambapo sofa ndefu ilikuwa imelala, na mwanga ulipofunguliwa Kipketer alisimama katikati ya chumba akishangaa kwamba nyumba yake ina dirisha. Sofa ndefu waliisogeza ukuta wa pili. Moja ya zile ndogo waliitenga iwe ya Mama, pamoja na zulia na stuli ya kuinulia mguu. Kitanda cha ujana kilikusanywa upya. Pazia la chumbani lilikuwa pana kupita kiasi, Nasambu akalikata, akashona upindo wakati mumewe akipangusa kuta, na vipande viwili vikatosha vyumba viwili.

Kabati lilikuwa la mwisho. Lilihitaji kuinuliwa na kugeuzwa pale kwenye uwazi, na nafasi ilikuwa finyu, kwa hiyo walijikuta wamebanwa ubavuni mwake, kifua kwa kifua, wakihema. Kipketer alikuwa na utando wa buibui kwenye nyusi. Nasambu aliuondoa kwa kidole, na kidole hakikuondoka haraka.

"Wajua sikuwa nakaa hapa sebuleni?" Kipketer alinong'ona. "Nilikuwa nakula jikoni nikiwa nimesimama. Hizo viti bila wewe zilikuwa kama za matanga."

"Sasa?"

"Sasa sukuma kabati kwanza."

Hawakulisukuma mara moja. Majirani walikuwa wamekwenda zao, na chai iliyochemshwa kwa ajili ya kazi hiyo ilipoa bila kunywewa.

*

Mama Nabwile alisikiliza mpango wote akiwa amelala chali, macho darini. Nasambu hakubembeleza. Alieleza mlango, paa, njia ya choo, hospitali iliyo karibu, kisha akasema, "Mama, nimekuangalia miezi yote hii na sijachoka. Lakini mimi nina bwana ninayempenda. Nataka nyote wawili, na nimepata nafasi ya kuwaweka."

Mama alisema kwamba hataenda kwa ujanja wa watoto tu. Phelista akaone kwanza kwa niaba ya ukoo, na akikataa, neno lisirudiwe tena.

Kwa hiyo walikwenda wote watatu kwa gari la kukodi, na Kipketer, kwa adabu, alikaa dukani siku hiyo mpaka jioni. Shangazi Phelista alikataa chai. Alizunguka nyumba kwanza, akayatazama mabati mekundu na meupe, akauliza ni nani aliyejenga na lini. Aliingia kwa mlango wa nyuma. Alikaa kwenye sofa ndogo, akalijaribu zulia kwa wayo, akalisukuma kabati kwa bega lake kama mtu anayejaribu ng'ombe wa kununua. Halikutikisika.

"Juu kuna nafasi," alisema.

Nasambu alileta kipande cha pazia kilichobaki, akakipigilia pale juu akiwa amesimama kwenye stuli. Shangazi alingoja mpaka msumari wa mwisho.

"Mimi nimetafuta makosa sijaona," alimwambia Mama Nabwile. "Nimeona tu mtoto wa kaka yangu ana kichwa ngumu. Kaa, upone." Na sasa akaomba ile chai.

Ndivyo Nasambu alivyorudi kwake. Asubuhi alimfanyisha mama mazoezi uani penye jua, mchana akashona dirishani, na wateja waliopita njiani walianza kumwona na kuingia. Usiku alilala akijua upande wa pili wa kitanda una mtu. Mara mbili kwa wiki alimpeleka mama hospitali. Mguu ulianza kutii. Mama aliacha magongo mawili akatumia moja, kisha akaomba jiko la makaa liwekwe nje ya mlango wake, akaanza kupika mboga mwenyewe akiwa ameketi.

Lakini kati ya pande mbili za kabati hapakuwa na sauti. Kipketer alivua viatu mlangoni ili hatua zake zisisikike. Mama alikohoa ndani ya leso. Kila mmoja alimuuliza Nasambu habari za mwenzake, na Nasambu alizunguka nyumba na salamu kama mtu wa posta. Hakulalamika. Alikuwa amepata alichotaka, na aliamini hicho ndicho kipimo chake.

Jumamosi moja alienda mjini kununua vitambaa, mvua ikamzuia. Ilipopungua alirudi kwa njia ya nyuma, kupitia uani, ili avue viatu vyenye matope penye jiko la mama.

Mlango wa mama ulikuwa wazi kidogo. Mama Nabwile hakuwa kitandani. Alikuwa ameivuta ile sofa ndogo mwenyewe, kwa mguu ule ule, kutoka dirishani mpaka kwenye kabati, akaketi na kulielekezea mgongo, kichwa kimeegemea mbao. Kutoka upande wa pili redio ilikuwa ikisoma salamu za wasikilizaji.

"Huyu mtu wa Kimilili," Mama alisema, akiuambia ukuta wa mbele, "kila wiki anasalimia bibi wa kwanza peke yake."

Kisha sauti ya Kipketer ikatoka nyuma ya kabati, nayo haikumwambia mtu yeyote.

"Labda wa pili hana redio."

Mama Nabwile alicheka. Alicheka mpaka akashika paja lake. Nasambu hakuwa amekisikia kicheko hicho tangu siku ya mvua ya Chwele.

Alirudi nyuma kimyakimya, akaizunguka nyumba peku kwenye matope, akafungua mlango wa mbele. Kipketer alikuwa ameigeuza sofa ndogo ya upande wake. Sasa iliegemea kabati, na yeye amekaa humo akitazama mlango, redio magotini, sauti imefunguliwa zaidi ya inavyohitajika kwa mtu mmoja. Alipomwona mkewe aliweka kidole midomoni, na macho yake yalikuwa ya mvulana aliyekutwa kwenye sukari.

Nasambu aliketi kwenye mkono wa kiti chake. Alimtazama mumewe, akaona kwamba alikuwa amempenda muda wote huu bila kumjua vizuri.

"Huyo ni Nasambu amerudi?" Mama aliuliza kutoka upande wa pili. "Nimesikia mlango."

Redio iliimba. Nasambu alifungua mdomo ajibu, lakini Kipketer alimshika mkono.

"Ndio, Mama," alisema. "Amerudi. Amenyeshewa."

Nasambu alihisi vidole vya mumewe vikikaza. Upande ule mtu alijisogeza kwenye kiti, na mbao za kabati zikalia kidogo.

"Basi mpatie kitu kavu avae," alisema Mama Nabwile, "halafu umwambie mboga iko tayari. Nimepika ya watu watatu."

"Nimesikia, Mama," Kipketer alijibu, akainuka kutafuta taulo.